Joto la Septemba lina usiku wake: kusoma utabiri wa hali ya hewa Minnesota majani yanapoanza kugeuka

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota nilipoteza mchicha wote kwa usiku mmoja. Mwanzoni mwa wiki hiyo nilikuwa nalala madirisha wazi, feni inazunguka. Siku yenyewe mchana ulipita nyuzi 70 za Fahrenheit, jua linachoma mgongo, na simu ilikuwa imenichorea duara la njano siku saba mfululizo. Nikaliangalia lile duara, nikaridhika, nikaenda zangu zamu ya usiku. Sikuitazama namba ndogo ya kijivu iliyoandikwa pembeni yake: 35. Asubuhi nilikuta mchicha umelala chini kama uliomwagiwa maji ya moto, mweusi, unateleza mkononi. Sukuma wiki kwenye matuta ya jirani hazikuwa hata na habari.

Tangu siku hiyo utabiri wa huku nausoma kuanzia chini: kwanza usiku, halafu mchana. Mwongozo huu ni wa Mswahili mwenzangu anayeishi Minnesota au kwa majirani zake, Wisconsin, Iowa na Dakota zote mbili, ambaye Septemba inamkuta na joto lisilo la msimu na hajui alifurahie au aliogope. Afanye yote mawili, ila kila moja kwa saa yake.

Neno moja kwanza. Kamusi nyingine zitakwambia majira haya yanaitwa vuli. Hapa silitumii, maana ukimwambia mtu wa Tanga au Mombasa kwamba vuli imekuja na joto, ataangalia mawingu na kuuliza mvua iko wapi. Huku tunazungumzia majira ya majani kupukutika. Wataalamu wa hali ya hewa huyahesabu kuanzia Septemba 1, ingawa kalenda ya ukutani itakutaka usubiri mpaka Septemba 22 au 23, siku ambayo mchana na usiku hulingana.

Hatua ya kwanza: chukua utabiri kwa wenyewe

Programu iliyokuja na simu inatosha kukujulisha kama ubebe mwavuli. Kwa kazi yetu fungua weather.gov, ukurasa wa idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani. Juu kushoto kuna kisanduku. Andika namba yako ya posta au jina la mji. Ukihamisha alama kwenye ramani mpaka mtaani kwako, unapata utabiri wa kipande hicho cha ardhi badala ya utabiri wa uwanja wa ndege.

Hilo si jambo dogo. Ofisi inayohudumia Minneapolis na St. Paul iko Chanhassen, na sehemu nyingine za jimbo zinahudumiwa na Duluth, Grand Forks, Sioux Falls na La Crosse. Namba inayosomwa kwenye taarifa ya habari hupimwa uwanja wa ndege, katikati ya lami na saruji zilizokunywa jua mchana kutwa. Usiku ulio shwari, shamba la jamii kule pembezoni, kwenye bonde karibu na kijito, linaweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi tano au zaidi. Kama unaishi Brooklyn Park na unalima nje ya mji, angalia namba mbili tofauti. Mimi nimezihifadhi zote mbili kwenye simu: nyumbani na shambani.

Ukishuka chini ya ukurasa utaona mahali pa utabiri wa saa kwa saa, umechorwa kwa mistari. Huo mchoro ndio tutakaoutumia. Karibu yake kuna maelezo marefu ambayo wataalamu wa zamu huyaandika, wakieleza kwa nini wanaamini walichotabiri na wapi wana mashaka. Kiingereza chake ni kigumu kidogo, lakini ukiona mtabiri mwenyewe anasema hana uhakika, na wewe usiwe na uhakika.

Hatua ya pili: zoea nyuzi za Fahrenheit

Sisi tumekulia kwenye Selsiasi. Njia ya haraka: toa 30, gawa kwa mbili. Nyuzi 80 zinakuwa 25, na hesabu kamili ingekupa karibu 27. Kwa kuchagua nguo, inatosha. Ila kwenye baridi usikadirie, shika kwa kichwa: 32 ni sifuri, maji yanaganda. 50 ni kumi. 68 ni ishirini. 86 ni thelathini, joto la Dar es Salaam la kawaida kabisa. Ukishazijua hizo nne, zilizobaki zinajipanga zenyewe.

Hatua ya tatu: elewa "juu ya wastani" inasema nini na inanyamazia nini

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, nami nilijikwaa miaka miwili.

Mtu aliyekulia Tanzania amewasikia TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya huko, wakitangaza mvua za "wastani hadi juu ya wastani". Nairobi, ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, nao hutoa mwelekeo wa msimu kwa nchi za Pembe ya Afrika kwa ramani za rangi. Kituo cha utabiri wa tabianchi cha Marekani kinatumia hesabu ile ile, ila chenyewe kina ramani za siku 6 hadi 10 na za siku 8 hadi 14, zinazotolewa upya kila siku mchana, pamoja na za mwezi na za miezi mitatu, zinazotoka Alhamisi ya tatu ya mwezi. Rangi ya chungwa na nyekundu ni joto, buluu ni baridi.

Ukiona Minnesota yote imepakwa nyekundu iliyokolea usidhani nyekundu iliyokolea ni joto kali. Rangi inaonyesha uwezekano. Ichukulie hivi: chukua miezi yote thelathini ya Septemba, kuanzia mwaka 1991 hadi 2020, maana ndiyo miaka inayotumika sasa kupimia wastani. Zipange kutoka ya baridi kuliko zote hadi ya joto kuliko zote. Kata mafungu matatu ya kumi kumi. Kama hatujui lolote, Septemba hii ina nafasi moja kwa tatu ya kuangukia fungu lolote. Ramani ikiandika asilimia 60 juu ya wastani, inasema nafasi ya kuangukia fungu la joto imepanda hadi sita kwa kumi. Haikusema joto litazidi kwa nyuzi ngapi. Haikusema kila siku itakuwa ya joto. Na nafasi nne kati ya kumi bado zipo kwa mafungu mengine mawili.

Kingine inachonyamazia, na hiki ndicho kilichoniulia mchicha: ramani ya siku 6 hadi 10 ni wastani wa siku tano, mchana na usiku vikichanganywa. Ukiwa na michana minne ya nyuzi 82 na usiku mmoja wa 33, wastani unatoka mzuri tu, ramani inabaki nyekundu, na nyanya zako zimekufa. Nyekundu ile haikudanganya. Mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo lake.

Tena wastani wenyewe hausimami. Nyumbani wastani wa Septemba 1 na wa Septemba 30 huwa karibu kitu kimoja. Huku joto la mchana la kawaida, kwa Minneapolis, huanza mwezi kwenye nyuzi karibu 79 na kuumaliza kwenye karibu 67. Usiku hushuka kutoka karibu 61 mpaka karibu 50. Kwa hiyo nyuzi 80 tarehe 3 Septemba si habari, ni siku ya kawaida. Nyuzi 80 tarehe 28 ni habari. Na Oktoba 1, 2023 kipima joto kilipita 90: waandaaji wa mbio za marathoni za Twin Cities (yaani Minneapolis na St. Paul), mbio ambazo Wakenya wamezishinda mara nyingi, walizifuta alfajiri ya siku yenyewe kwa sababu ya joto, watu wakiwa wameshavaa namba kifuani. Basi ukiona namba, tazama na tarehe kabla hujashangaa.

Hatua ya nne: soma usiku

Rudi kwenye mchoro wa saa kwa saa. Tafuta mstari wa joto, ufuate mpaka unapogusa chini kabisa. Mara nyingi ni dakika chache baada ya jua kuchomoza, si usiku wa manane kama watu wanavyodhani. Hapo andika namba mbili: joto lenyewe, na ile ya mstari wa pili ulio chini yake, kiwango cha umande. Hicho ni kiwango cha joto ambacho hewa ikishukia, unyevu wake unaanza kuwa matone.

Kiwango cha umande ni rafiki wa mtu wa Pwani kuliko namba nyingine yoyote. Mchana, kikipita 65 utasikia ile nata ya Mombasa mwezi wa Machi, shati linashika mgongo. Kikifika 70, wenyeji wa hapa wanalalamika na wewe unajisikia nyumbani. Kikiwa 45, hata nyuzi 82 ni tamu. Lakini kazi yake kubwa ni ya jioni. Jua likitua, joto hushuka haraka mpaka linapokaribia kiwango cha umande, halafu hupunguza mwendo. Kwa hiyo jioni angalia: kikiwa 55, lala usingizi. Kikiwa 31, anga liko wazi na upepo umetulia, usiiamini ile 36 iliyoandikwa kwenye utabiri.

Kuna sababu nyingine ya kutoiamini. Kipima joto cha rasmi hukaa karibu mita mbili juu ya ardhi. Hewa baridi ni nzito, inatambaa chini na kujaa mabondeni kama maji. Kipima joto kikisoma 36, majani ya mchicha yaliyo sentimita kumi kutoka ardhini yanaweza kuwa tayari kwenye 32 na sakitu juu yake, ule utando mweupe ambao watu wa Kinangop na Njombe wanaujua vizuri. Ndiyo maana idara hutoa tangazo la sakitu wakati utabiri ukiwa 33 hadi 36. Simu itaandika Frost Advisory. Ukiona Freeze Warning, hiyo ni 32 au chini, hakuna mjadala. Matangazo haya hutolewa wakati mimea bado inakua. Baridi ikishaua kila kitu, wanaacha kuyatoa, na ukimya wao usiuchukulie kuwa joto limerudi.

Mawingu ni blanketi. Usiku wa mawingu wa Septemba haunipi wasiwasi wowote. Upepo nao huchanganya hewa ya juu na ya chini, kwa hiyo usiku wa upepo wa wastani pia ni salama zaidi. Usiku wa kuogopa ni ule mzuri kupita kiasi: nyota zote nje, jani halitikisiki, unasikia treni iliyo maili mbili.

Hatua ya tano: uliza joto limetoka wapi

Hatua hii unaweza kuiruka, lakini ukiielewa utajua joto litakaa muda gani.

Joto la Septemba huja pale mgandamizo mkubwa wa hewa unapokaa juu ya katikati ya nchi na kuusukuma mkondo wa upepo wa juu uingie Kanada. Upande wetu tunapata upepo wa kusini, kutoka Kansas na Oklahoma, na anga lisilo na wingu. Hali hiyo ikikaa siku kumi, udongo unakauka, na udongo mkavu unaongeza moto: jua halitumii tena nguvu kukausha maji, linatumia zote kupasha ardhi na hewa. Septemba 2024 ilikuwa hivyo. Kwa Minneapolis na St. Paul ilikuwa kavu kuliko Septemba zote zilizowahi kupimwa. Mvua ya mwezi mzima haikufika milimita mbili. Bomba la shambani lilikuwa na foleni kama kioski cha maji.

Ila udongo ule ule mkavu, na hewa ile ile isiyo na unyevu, usiku haviwezi kushika joto. Mchana 84, alfajiri 47. Ukame unainua mchana na kuuacha usiku uanguke. Joto lililokuja na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko ni tofauti: usiku haushuki, nyumba haipoi, na mwisho wake huwa radi na mvua ya mawe. Kiwango cha umande ndicho kitakachokwambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Siku za joto kavu na upepo mkali, angalia pia tangazo la hatari ya moto, Red Flag Warning. Likitoka, nyama choma isubiri. Nimeona cheche ya mkaa ikiruka hatua tano kwenye nyasi za Septemba na mtu akaizima kwa kandambili. Hata siku ya kawaida, majivu tia kwenye ndoo ya chuma, mwagia maji, koroga, mwagia tena. Na majani makavu usiyachome kabla ya kuangalia kama kaunti yako imezuia.

Hatua ya sita: shamba

Gawa mboga zako mafungu mawili kichwani, mapema, kabla joto halijaanza kukubembeleza.

La kwanza ni la zile zisizostahimili sakitu hata kidogo: mchicha (terere, lengalenga, dodo, majina mengi mmea ni ule ule), kunde, managu, majani ya maboga, bamia, nyanya, bilinganya, pilipili. La pili ni la wagumu: sukuma wiki, kabichi, karoti, vitunguu, spinachi. Sukuma wiki ikipigwa na baridi kidogo inakuwa tamu zaidi, maana mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari ili usigande. Usiing'oe. Nimechuma sukuma wiki Novemba, nikiondoa theluji kwa mkono.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis, usiku wa kwanza wa 32 kwa kawaida huja karibu na katikati ya Oktoba. Vitongojini huja mapema zaidi. Ukipanda kaskazini kuelekea mpaka wa Kanada, ni Septemba. Joto lisilo la msimu linaweza kuisogeza tarehe hiyo mbele wiki moja au mbili, nawe ukapata chumo moja au mawili ya bure. Chuma. Ila usipande kitu kipya kwa kulitegemea.

Utaratibu wangu ni huu. Kuanzia wiki ya pili ya Septemba nachuma mchicha kila siku ya tatu bila huruma, nikiacha mashina manne au matano yakomae mbegu. Kinachozidi nakitokosa dakika mbili, natia kwenye maji ya barafu, nakamua mpaka mkono uume, nafunga mafungu ya mlo mmoja na kugandisha. Februari, nje ikiwa chini ya sifuri ya Fahrenheit, fungu moja la mchicha na nazi ya kopo linaweza kukutoa machozi.

Utabiri wa usiku ukionyesha 38 au chini kwa shambani, najiandaa kufunika. Mchana huo namwagilia udongo vizuri, kwa sababu udongo wenye maji unashika joto la jua na kulirudisha usiku. Kabla ya machweo, si baada yake, natandaza mashuka ya zamani juu ya fito, kingo zikigusa chini na kubanwa kwa mawe. Kazi ya shuka ni kuzuia joto linalopanda kutoka ardhini, kwa hiyo ukilifunga kwenye shina kama kilemba, umefunika hewa. Nailoni usiiache iguse majani. Inapoguswa ndipo panapoungua. Asubuhi jua likipanda, funua, la sivyo utapika ulichookoa.

Nyanya za kijani zilizokwisha kujaa, chuma zote jioni ya Freeze Warning na uzipange kwenye boksi ndani, zisigusane. Zitaiva taratibu. Zile ndogo ngumu ni za achari. Mche wa pilipili mbuzi kwenye chungu uingize ndani usiku ukianza kuwa chini ya 50, usingoje sakitu.

Hatua ya saba: watoto, nyumba na gari

Sisi tumezoea saa inayofuata jua. Saa kumi na mbili asubuhi kunapambazuka, iwe Januari iwe Septemba. Huku mwanzo wa Septemba jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, mwisho wake ni saa moja na dakika kumi, na kila siku mchana unapungua karibu dakika tatu. Basi la shule halijui hayo. Kwa hiyo mtoto anayesubiri basi saa moja kasoro anasimama kwenye saa ya baridi kuliko zote za siku, gizani, wakati wewe umeangalia namba ya saa tisa alasiri ukampa fulana. Mvalishe nguo juu ya nguo: fulana, shati la mikono mirefu, sweta ya kuvua na kuiweka begani. Andika jina kwenye sweta. Siku ya nyuzi 80 sweta kumi zinabaki uwanjani.

Mchana wa joto kali nao si wa kudharau. Madarasa mengine hayana kiyoyozi. Chupa ya maji iwe kubwa. Mwenye pumu au mafua ya chavua ajue kwamba lile gugu la chavua linaloanza Agosti haliachi mpaka sakitu iliue, kwa hiyo kila wiki ya joto la ziada ni wiki ya ziada ya kupiga chafya. Mbu nao vivyo hivyo.

Kiyoyozi cha dirishani usikitoe kwa sababu ya usiku mmoja wa baridi. Katikati ya Oktoba inatosha. Hita ya nyumba, kinyume chake, ijaribu Septemba hii hii, usiku wowote wa nyuzi 50: badilisha chujio, iwashe nusu saa. Itatoa harufu ya vumbi linaloungua, kama pasi iliyokaa mwaka mzima, na itaisha. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, hiyo ni gesi. Toka na watu wote, piga simu ukiwa nje. Bonyeza na kile kifaa cha ukutani cha kunusa hewa ya sumu usikie kama kinalia.

Mpangaji asiyeshika mwenyewe swichi ya hita ana haki yake: sheria ya Minnesota, tangu 2024, inamtaka mwenye nyumba kuhakikisha nyuzi 68 ndani kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mwaka wa joto baadhi yao husahau tarehe, kwa kuwa mchana kila mtu yuko kaptura. Mmoja aliwahi kuniambia, "Lakini nje ni 75, ndugu yangu." Nje saa tisa, ndiyo. Chumba cha mtoto kilikuwa 59 saa kumi na moja alfajiri, na nilikuwa na picha ya kipima joto. Piga picha, saa ionekane.

Gari: kila nyuzi 10 za Fahrenheit zikishuka, tairi hupoteza karibu kipimo kimoja cha psi. Alfajiri ya 42 baada ya mchana wa 82, ile taa ya njano ya mshangao itawaka kwenye dashibodi, na mchana itazima yenyewe. Usipeleke kwa fundi. Jaza upepo asubuhi tairi zikiwa baridi.

Hatua ya nane: vizia siku ya kugeuka

Majira haya hayashuki ngazi kwa ngazi. Yanakaa juu, halafu yanaruka. Wazee wa hapa watakusimulia Oktoba 31, 1991, watoto wakipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, theluji ilianza kudondoka, na ilipokoma siku chache baadaye Minneapolis ilikuwa na inchi 28.4, zaidi ya sentimita 70.

Dalili ni mbili na zote ziko kwenye mchoro wako wa saa kwa saa. Upepo unaotoka kusini, mara nyingi ukiwa mkali kuliko kawaida siku ya mwisho ya joto, unageuka ghafla na kuwa wa kaskazini-magharibi. Na mstari wa kiwango cha umande unaporomoka, kutoka 58 hadi 35, ndani ya saa sita au nane. Siku ya kugeuka yenyewe si ya hatari, kwa sababu kuna upepo. Usiku wa hatari ni wa pili au wa tatu, upepo ukishatulia na mawingu yakishaondoka. Watu wengi hufunika usiku wa kwanza, wanaona hakuna kitu, wanakunja mashuka.

Shambani kwetu kuna mama mmoja wa Uvira, Kongo, anayelima lengalenga matuta manne kutoka kwangu. Weather.gov haifungui. Anatoka nje jioni, anaangalia moshi wa jirani unakoelekea, anashika udongo. Mwaka jana, usiku wa pili baada ya upepo kugeuka, utabiri ulisema 39 na mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Simu ikaita: "Papa, leo mangaribi ufunike, baridi inakuya." Nikafungua mchoro. Kiwango cha umande kilikuwa 30, upepo sifuri. Nikavaa viatu, nikachukua mashuka sita na tochi. Nilipofika alikuwa ameshafunika matuta yake yote na nusu ya yangu.